Sikukuu ya Asiyejua Siku

Kila nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukutana, sikukuu inapokaribia, na swali ambalo wanafalsafa wa dini wameliandikia kurasa chache mno: je, sikukuu inaweza kuwa ya mtu ambaye hajui kwamba leo ni sikukuu, na ambaye akishakua hatakumbuka hata chembe ya siku hiyo? Mtoto anayezungumziwa hapa ni yule aliyekwisha kuacha kutambaa lakini hajaweza kusimulia, anayetembea kwa kuyumba na kutaja vitu kwa neno mojamoja, na ambaye wataalamu wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, humwita asiye mumayizi, kwa maana ya mtu ambaye bado hawezi kupambanua linalomfaa na linalomdhuru. Saikolojia nayo imeipa jina hali ya umri huo, nalo ni usahaulifu wa utotoni, ambao Sigmund Freud aliuandikia mwaka 1905 na ambao tafiti za baadaye zimeuthibitisha kiasi cha kutosha kusema kwamba watu wazima walio wengi hawana kumbukumbu ya tukio lolote lililowapata kabla ya umri wa miaka mitatu hivi.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika maeneo kama Choma, kata ya Wilaya ya Igunga katika Mkoa wa Tabora, ambako familia zinaishi kwa ng'ombe, pamba, mahindi na mpunga, na ambako kwenda mjini kwa ajili ya furaha tu ni uamuzi wenye gharama: nauli ya basi kwa watu watano au sita, siku nzima isiyo na kazi ya shamba, nguo mpya, na zawadi ya kuwapelekea wenyeji, kwa kuwa mgeni wa Unyamwezini haendi mikono mitupu. Idi au Krismasi inapokaribia, wenye ndugu Tabora mjini hupanga safari, na hapo ndipo mtoto mdogo anapojadiliwa. Wazee husema aachwe kwa bibi yake, kwa kuwa hajui lolote, atasumbuka na kusumbua, na kesho atakuwa amesahau. Wazazi vijana husema aende, apigwe picha nyingi, ili akikua aje ajione. Pande hizi mbili huonekana kupingana, lakini zimesimama juu ya msingi mmoja, yaani kwamba thamani ya sikukuu imo katika kumbukumbu ya aliyeihudhuria. Wazee wanaona kumbukumbu hiyo haipo, kwa hiyo safari ni hasara, na vijana wanaona inaweza kutengenezwa kwa simu, kwa hiyo safari ina faida. Makala haya yanadai kwamba msingi wenyewe ndio wenye kasoro, na kwamba mila na dini za watu wa Unyamwezi, nchi ya njia ya kale ya misafara, zina jibu lililo bora kuliko yote mawili.

Kumchukua mtoto mdogo barabarani si jambo jipya katika nchi hiyo. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, mahali palipokuja kuwa mji wa Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi kwa miaka mingi, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga, na wanahistoria waliochunguza maisha ya wapagazi wameonyesha kwamba misafara ya Wanyamwezi haikuwa ya wanaume peke yao, kwani wanawake wengi walifuatana na waume zao, wakipika, wakibeba vyombo, na wakiwa na watoto migongoni. Mtoto aliyebebwa kwa mbeleko kutoka Unyanyembe, penye makao ya watemi wa Tabora, hadi Bagamoyo, safari ya miezi, hakuwa na habari kwamba anakwenda pwani. Je, mtoto huyo alifika pwani au hakufika? Kwa kipimo cha kumbukumbu yake hakufika. Kwa kipimo cha mgongo uliombeba, alifika, akalala kwenye kambi zilezile, akapata homa zilezile, akanywa maji ya visima vilevile, na afya yake au ugonjwa wake vikapanga mwendo wa mama yake kila siku. Ni vigumu kukubali falsafa yoyote inayosema kwamba hakuwapo.

Falsafa ya namna hiyo ipo, tena ina heshima kubwa. John Locke, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alifundisha kwamba nafsi ya mtu hufika hadi pale fahamu yake inapoweza kurudi nyuma, kwa hiyo lile ambalo mtu hawezi kulirudia kwa fahamu halimo katika nafsi yake kwa maana kamili. Karne nyingi kabla yake, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikuwa amekwisha kulitazama jambo hilohilo kwa uchungu zaidi: katika maungamo yake, yaliyoandikwa kati ya mwaka 397 na 400 hivi, alieleza namna alivyonyonya, alivyolia na alivyoanza kucheka, kisha akakiri kwamba hayo yote aliyajua kwa kuambiwa na kwa kuwatazama watoto wengine, akasitasita kuuhesabu umri huo kuwa sehemu ya maisha yake. Hata hivyo Augustino alifanya jambo ambalo nadharia ya Locke haina nafasi nalo, nalo ni kushukuru. Alimshukuru Mungu kwa maziwa ya mama na ya walezi asiowakumbuka, na mtu hawezi kushukuru kwa ajili ya kitu ambacho hakikumpata yeye bali kilimpata mwingine. Shukrani yake ilikuwa imekwisha kukubali kile ambacho hoja yake ilikuwa bado inakisitia.

Jibu lililo karibu zaidi na Choma linapatikana kwa John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza mambo mawili ambayo kwa kawaida husomwa mbalimbali lakini yanastahili kuunganishwa. La kwanza ni kwamba mtu, kwa fikra za jamii nyingi za Afrika, hawi mtu peke yake, bali yupo kwa sababu wenzake wapo. La pili ni kwamba marehemu haondoki mara moja katika jamii: kwa muda wote ambao wapo watu waliomjua na wanaoweza kumtaja kwa jina, yeye ni mfu aliye hai, mwenye sehemu yake katika chakula na maombi ya nyumba, na huingia katika zamani, yaani wakati ule mkubwa unaomeza yote, pale tu anapofariki wa mwisho aliyemjua. Mbiti alilitumia wazo hili kwa mwisho wa maisha. Hakuna kinachozuia kulitumia kwa mwanzo wake. Kama kumbukumbu ya wengine inatosha kumfanya marehemu aendelee kuwa mtu wa nyumba hali yeye mwenyewe hawezi tena kusema lolote, basi inatosha pia kumfanya mtoto awe mtu wa sikukuu hali yeye mwenyewe hajaweza bado kusema lolote. Ncha mbili za maisha zinashikwa na mikono ileile.

Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma wanaonyesha hivyo katika majina. Mtoto wa kwanza wa pacha ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Na watoto wengine wengi hupewa jina la babu au bibi, ili jina lisilale. Shija wa miezi kumi na minane hajui kwamba alitanguliwa na pacha, pengine pacha ambao hawakuishi, lakini kila amwitaye kwa jina hilo anamsimamisha mahali pake katika mfuatano wa watu, na mahali hapo ni pake kabla hajajua kuhesabu. Jina ni sikukuu ya kwanza anayofanyiwa mtu bila kuombwa ridhaa.

Hapa pana pingamizi lenye nguvu ambalo halifai kupitwa haraka. Ikiwa siku ya mtoto inaishi katika kumbukumbu ya watu wazima, basi siku hiyo ni yao, wala si yake, na wanaweza kuifanya watakavyo: wanaweza kukodi ukumbi, kuita mshereheshaji, kuchangisha fedha kwa kadi, na kumwamsha mtoto usingizini saa tatu usiku ili alishwe keki mbele ya kamera, na yote hayo yakaitwa sherehe yake. Pingamizi hilo linajibiwa na dhana moja ya fiqhi ambayo kila Mswahili anaijua kwa matumizi hata kama hakuisoma darasani, nayo ni amana. Mwenye kuwekewa amana anakishika kitu, anakilinda, anakijua kilipo, lakini hakimiliki. Hawezi kukitumia kwa manufaa yake, na siku mwenyewe atakapoweza kukipokea, ni wajibu kumrudishia. Watu wazima wanaishika siku ya mtoto kwa namna hiyo. Kutokana na hapo kunazaliwa kipimo cha kutenganisha sikukuu inayofanywa kwa ajili ya mtoto na ile inayofanywa kwa kumtumia mtoto, na kipimo hicho ndicho kinachokosekana katika mabishano ya wazee na vijana yaliyotajwa hapo juu. Immanuel Kant, mwaka 1785, aliweka sharti kwamba binadamu asitendewe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Mtoto asiyeweza kusema hapana ndiye anayelijaribu sharti hilo kwa ukali kuliko wote.

Sheria ya Kiislamu, kwa namna inavyofuatwa na Waislamu wengi wa Tabora katika madhehebu ya Imamu Shafi, imelifikiria jambo hili kwa kina kinachostahili kushangiliwa. Mwishoni mwa Ramadhani kila mwenye uwezo hutoa zakatul fitri, yaani sadaka ya wajibu ya chakula kikuu cha mahali, pishi moja au takribani kilo mbili na nusu kwa kila kichwa cha wale anaowatunza, ili maskini wasikae na njaa siku ya Idi. Katika hesabu hiyo mtoto mchanga anahesabiwa sawa na baba yake: aliyezaliwa alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani, akawa hai jua linapotua, tayari ana pishi yake. Hakufunga hata siku moja, hana dhambi ya kusafishiwa, hajui njaa ya maskini, na bado Idi ya nyumba haijatimia mpaka kichwa chake kihesabiwe. Sikukuu yake ya kwanza humkuta akiwa mtoaji.

Kuhusu safari yenyewe kuna hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, ya mwanamke aliyekutana na Mtume njiani, akamwinua mtoto wake mdogo na kuuliza kama huyo naye ana hija, akajibiwa kuwa anayo, na kwamba mama ana thawabu zake. Wanazuoni walilichambua jibu hilo kwa uangalifu. Hija ya mtoto asiye mumayizi inasihi, yaani ni hija halali yenye hukumu zake, na mlezi ndiye anayemnuilia na kumzungusha kwenye Kaaba; lakini haimwondolei faradhi, kwa hiyo akibaleghe na kuwa na uwezo itambidi aende tena. Watu wengine huona hukumu hizi mbili kuwa zinapingana: kama ni hija ya kweli, kwa nini arudie, na kama itarudiwa, kwa nini iitwe hija? Ukweli ni kwamba zinatenganisha vitu viwili ambavyo mabishano ya kawaida huvichanganya, yaani kuwa na sehemu katika jambo, na kulibeba jambo kwa nia yako mwenyewe. Mtoto anaweza kuwa na la kwanza kwa ukamilifu huku la pili likimsubiri. Aliyepelekwa Tabora mjini akiwa na mwaka mmoja na nusu alikuwapo kwa kweli, na kwa kweli vilevile ana safari yake mwenyewe iliyo mbele.

Lililo la thamani zaidi katika mapokeo hayo, hata hivyo, ni namna ibada yenyewe inavyojipinda kumfuata mtoto. Imepokewa kwamba Mtume aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Kwamba alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia akaifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama unavyoungua. Na kwamba alikatiza hotuba, akashuka mimbarini, akawachukua wajukuu wake Hasan na Husein waliokuwa wakija kwa kujikwaa katika kanzu zao nyekundu. Hao wa mwisho ndio hasa wa umri unaojadiliwa hapa, watoto waliokwisha kusimama lakini hawajapata kutembea vizuri. Hawakuambiwa wasubiri mpaka hotuba iishe. Wasomaji wengi huvichukua visa hivi kuwa mifano ya huruma, na ni kweli, lakini vinasema zaidi ya huruma: vinasema kwamba mkusanyiko ulio mtukufu kuliko yote unaweza kupimwa upya kwa kipimo cha mtu asiyeuelewa, na usipungukiwe na utukufu wake. Amri ya kuwatoa wanawake wote kwenda kiwanja cha Idi, hata wale wasio katika hali ya kuswali, nayo ina maana kwamba watoto wa mikononi walitoka pia, kwa kuwa hakuna aliyebaki nyumbani wa kuachiwa. Waswahili, kwa desturi ya kumtoa mtoto nje anapotimiza siku arobaini, wameifanya safari ya kwanza kabisa ya mtu, ile ya kuvuka kizingiti cha nyumba, kuwa sherehe. Mtoto haendi popote, lakini jua na majirani wanamwona.

Kwa Wakristo wa mkoa huohuo swali limekuwa chanzo cha mgawanyiko wa wazi. Kanisa Katoliki, ambalo limekuwa na moja ya seminari zake kuu Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, hubatiza watoto wachanga, na sheria yake ya mwaka 1983 inawataka wazazi wafanye hivyo ndani ya majuma ya kwanza. Kanisa la Moravian, lililopokea kituo cha Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, nalo hubatiza watoto. Nkinga, katika Igunga yenyewe, kuna hospitali kubwa ya Free Pentecostal Church of Tanzania, kanisa ambalo halimbatizi mtoto asiyeweza kuamini, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayeweza kuamini badala ya mwingine. Hoja hiyo ni nzito. Inamlinda mtoto dhidi ya wazazi wanaotaka kumaliza kwa karamu moja jambo ambalo ni la maisha yake, na inamwachia nafasi ya kuja mwenyewe, kwa miguu yake, siku atakapoitwa. Augustino alijibu kwamba mtoto hubebwa na imani ya kanisa zima mpaka apate yake, na Kanisa Katoliki limefuata njia hiyo, ingawa nalo linakiri mpaka wa umri: mtoto aliye chini ya miaka saba hahesabiwi kuwa na matumizi ya akili kisheria, na ilikuwa mwaka 1910 tu ambapo Papa Pius wa Kumi aliamuru kwamba watoto wa Kanisa la Magharibi wapokee ekaristi mara wafikapo umri huo wa kupambanua, badala ya kusubiri umri wa miaka kumi au zaidi.

Jambo lisilosemwa vya kutosha katika ubishi huo ni kwamba Wapentekoste nao humleta mtoto. Tendo hilo huliita kuwekwa wakfu: wazazi husimama mbele ya kanisa na mtoto mikononi, mchungaji humpokea, humwombea na kumrudisha, na ndugu waliotoka mbali hula pilau pamoja. Hakuna aliyewahi kudai kwamba ibada hiyo haifai kwa sababu mtoto alilala muda wote. Tofauti ya makanisa, kwa hiyo, imo katika kile ambacho tendo linakiacha juu ya mtoto, wala haimo katika kama mtoto anastahili kuletwa. Wamoravian duniani huikumbuka tarehe 17 Agosti kuwa sikukuu ya watoto, kwa sababu ya uamsho uliowashika watoto wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727. Ni miongoni mwa nafasi chache katika historia ya kanisa ambapo watu wazima walikubali kuandika katika kalenda yao jambo lililoanzia kwa wadogo.

Kipimo cha amana hakikubaki nadharia tupu katika Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini humo kwa kusongamana na kukosa hewa ndani ya ukumbi uliokuwa na disko toto, yaani dansi ya mchana inayoandaliwa kwa ajili ya watoto siku za sikukuu na kutozwa kiingilio. Walikuwa wakubwa kuliko mtoto wa mbeleko anayezungumziwa hapa. Walikuwa wa umri wa kutoka wenyewe wakiwa na nguo mpya na fedha ndogo za sikukuu mkononi, furaha ambayo kila Mtanzania aliyekulia mjini anaijua. Tangu hapo Jeshi la Polisi katika mikoa mbalimbali limekuwa likitangaza marufuku ya disko toto kila Idi, Krismasi na Mwaka Mpya zinapokaribia, na wazazi wengi husikia tangazo hilo kama sehemu ya kelele za msimu, bila kujua kwamba nyuma yake kuna mji ambao nyumba zake zilipokea maiti siku ya furaha.

Haifai kuligeuza tukio hilo kuwa fumbo la kufundishia, kwa kuwa wazazi wa watoto wale bado wanaishi nalo. Linalopaswa kusemwa ni kwamba sikukuu ina wajibu kwa mtoto hata kama mtoto hana wajibu wowote kwa sikukuu. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika, kucheza kulingana na umri wake, na kushiriki katika maisha ya utamaduni, na maneno hayo kuhusu umri ndiyo yanayobeba mzigo wote, kwa sababu yanakataza mambo mawili kwa pamoja: kumfungia mtoto nje ya furaha ya watu kwa kisingizio kwamba ni mdogo, na kumwingiza katika furaha iliyotengenezwa kwa kimo cha wengine. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayechukuliwa mjini ana saa yake ya kulala, ana kiu isiyosubiri, ana masikio yanayoumizwa na vipaza sauti vikubwa, na anaogopa umati ambao kwake ni msitu wa miguu. Nyumba inayoondoka kiwanjani mapema kwa sababu yake haikuikata sikukuu. Imefanya kile alichokifanya Mtume alipofupisha swala. Vivyo hivyo, kumwacha kwa bibi kunaweza kuwa ndiyo sikukuu yake iliyo sahihi, ikiwa safari ni ndefu na jua ni la Oktoba, mradi aachwe kwa sababu ya hali yake na si kwa sababu ya hoja kwamba hana analopoteza.

Kuhusu picha, hukumu inapaswa kuwa ya upole kuliko wanavyotoa wakosoaji wa siku hizi. Picha inayopigwa ili mtoto aje ajue nani walikuwapo ni sehemu ya amana. Ni namna ya kuandika kilichowekwa ili kisipotee. Lakini picha inayodai kwamba mtoto anyamazishwe, avuliwe nguo aliyoizoea, aketishwe juu ya gari la kukodi na kucheka kwa amri, kisha isambazwe kwa watu wasiomjua kabla hajarudi nyumbani, imekwisha kumtumia mwenye mali. Tena kuna jambo ambalo kamera inaweza kulifuta bila mtu kukusudia. Dini zote mbili kubwa za Tabora zinaisifu sadaka iliyofichwa, ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia, kwa kuwa mtoaji wake hana anachotarajia kwa binadamu. Baba anayembeba mtoto mabegani kutwa nzima ili aone ngoma na farasi wa mbao, akijua kwamba mtoto hatakumbuka wala mabega wala baba aliyekuwa chini yake, yuko karibu sana na sadaka ya namna hiyo, kwa kuwa anampa mtu ambaye hana njia ya kumshukuru kwa jambo hilo. Usahaulifu wa utotoni, ambao wazee waliuona kuwa hasara ya safari, ndio unaoifanya safari iwe safi.

Amana hurudishwa, na siku ya kurudisha inajulikana. Mtoto anapofika miaka sita au saba, umri ambao fiqhi inaanza kumwita mumayizi na Kanisa linamhesabia akili, huanza kuuliza habari za wakati asioukumbuka: alilia au hakulia, alibebwa na nani, kwa nini ana jina la mtu aliyekufa. Maswali hayo ni madai halali ya mwenye mali, na nyumba nyingi huyajibu kwa haraka ya kukera, kwa kusema tu kwamba alikuwa mdogo. Nyumba ya Choma iliyompeleka mtoto Tabora kwa Idi inampasa imwambie alikaa upande gani wa basi, shangazi yupi alimpokea mlangoni kwa vigelegele, ndugu yupi alimpa sarafu akaitia kinywani, babu gani alimshika kichwani na kumwombea dua, na kama babu huyo amekwisha kufariki, aambiwe kwamba alishikwa naye, kwa sababu hilo ni lake na hakuna mahali pengine popote anapoweza kulipata.